Zawadi ya Erisa

Quinter alijua kilichomo ndani ya ile bahasha ya kaki kabla Erisa hajaitoa yote mfukoni. Hakukiona, alikisikia. Vidonge vikiwa ndani ya ile karatasi yake ngumu ya kung'aa vina mlio vinapobonyezwa, mlio mdogo, mkavu, na mtu aliyewahi kuusubiri kwa hamu hausahau hata ajitie vipi kusahau. Gauni alilokuwa akilikunja likamponyoka na kuangukia begi, nusu ndani, nusu nje.

"Fumba macho," Erisa akasema huku akicheka.

"Erisa, mimi si mtoto."

"Fumba tu, nyabo. Mimi iko na zawadi."

Akafumba. Angefanya nini kingine? Ilikuwa Jumapili alasiri, jua la Juba likiyachoma mabati ya chumba chake cha Gurei, na mwanaume aliyempenda kupita kiasi alikuwa amesimama mbele yake na shati lake jeupe la kanisani. Mikono yake ya fundi jenereta alikuwa ameisugua mpaka kucha zikatakata, kwa sababu kesho asubuhi walikuwa wapande basi la Kampala, na kutoka Kampala waende Masaka, mama yake akamwone mwanamke aliyechaguliwa. Dada yake Namutebi, mwenye duka la vitenge pale Jebel, ambaye ndiye aliyemlea Erisa na bado anamwona mtoto, alikuwa ameipinga safari hiyo bila kung'ata maneno. Mkenya gani huyo asiyepiga magoti kusalimia wakubwa? Hana hata ndugu mmoja anayempigia simu? Erisa alimsikiliza dada yake kwa adabu zote, kisha akaenda kukata tiketi.

Quinter alisikia bahasha ikiwekwa mezani.

"Haya. Fumbua."

Vidonge vilikuwa vimechomoza nje ya bahasha kana kwamba vinamchungulia. Kijani na njano. Vile vile vya zamani.

"Hiyo dawa iko kali," Erisa akasema, uso wote umemchanua. "Kanisani mimi niliona wewe. Kusimama tu, mkono iko kwa mgongo. Kukaa, mkono iko kwa mgongo. Nikasema, barabara ya Nimule na hii mgongo? Itamaliza bibi yangu! Nikapita kwa duka ya dawa pale Jebel, nikasema nipe ya mgongo, ile ya nguvu. Wakanipa hiyo."

"Asante," Quinter akasema. Sauti yake aliisikia kama inatoka chumba cha jirani.

Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba mwili haukumuuliza. Yeye alikuwa bado anatafuta la kusema, mwili wake ulishaanza kushukuru.

Vidonge alivianza kwa njia halali kabisa. Alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny hapa Juba, akateleza kwenye ngazi na mzigo wa mashuka, mgongo ukaumia, daktari akamwandikia vidonge. Maumivu yakaisha, vidonge havikuisha. Kumbe vilikuwa vinaondoa na mengine: upweke wa kuishi ugenini, hofu ya milio ya risasi, kumbukumbu ya mwanaume wa kwanza aliyemwacha. Vikaondoa na usingizi wa kawaida, na hamu ya chakula, na mwishowe kazi yenyewe. Virginia, muuguzi Mkenya anayesali naye, ndiye aliyemchukua kwake akamkalia siku zile za kutetemeka na kutapika. Alipokutana na Erisa, Quinter alikuwa mpishi wa shule hapa Gurei na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Huyo tu ndiye Quinter ambaye Erisa alimjua.

Alitaka kumwambia, jamani. Mara ngapi? Kila akifungua kinywa, alimkumbuka Namutebi siku ile dukani, akipima kitenge na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtu wa kulewa haingii kwa hii familia yetu. Mwanaume, mwanamke, hata paka!" Basi kinywa kinafungwa.

"Ngoja mimi nilete maji," Erisa akasema.

Akamimina maji kwenye kikombe. Kisha, kabla Quinter hajapata neno, akabonyeza vidonge viwili na kuvitoa, tak, tak, akavishika kwenye kiganja na kumnyooshea.

"Mbili sasa. Zingine kesho mbele ya basi."

Quinter akarudi nyuma mpaka mguu ukagonga kitanda. "Sijakula."

"Ulikula kwa Virginia. Mimi niliona."

"Zinaniumizanga tumbo."

"Basi moja tu."

"Erisa, si uweke hapo? Nitameza baadaye."

Erisa hakuweka. Kicheko kilimwishia polepole. Alikuwa na macho mapole, makubwa, macho yaliyomfanya Quinter akosee wimbo siku ya kwanza kanisani, na sasa macho hayo yalikuwa yakimtafuta.

"Yule mtu ya dawa alicheka," akasema.

"Nani?"

"Yule wa duka. Mimi nilisema dawa ni ya bibi yangu, Quinter, Mkenya, ile mrefu ya Gurei. Akacheka. Akasema, 'Quinter? Msalimie sana, amepotea.' Mimi nikafikiri ni mtu ya kanisa. Lakini kwa njia nikawaza. Ile cheko si ya kanisa."

Kijasho chembamba kikamtoka Quinter kwenye mdomo wa juu. Uongo ulikuwa tayari, mzuri, na nusu yake ukweli: nilianguka hotelini zamani, nilikuwa nanunua dawa pale. Kwisha. Erisa angeamini, kwa sababu Erisa alitaka kuamini. Kisha angemnyooshea tena kile kiganja, na yeye, ili uongo ukamilike, angemeza.

Ndipo alipoogopa kweli. Hofu ya kumpoteza mwanaume huyu ilikuwa kubwa, lakini chini yake aliiona nyingine, ya kurudi kule alikotoka, na hiyo haikuwa na mwisho.

"Alicheka kwa sababu ananijua," akasema. "Nilikuwa naenda pale kila siku."

"Juu ya mgongo?"

"Mwanzo, mgongo. Halafu hakuna. Nilikuwa nazimeza tu. Kuna watu wanalewa pombe, Erisa. Mimi nililewa hizo."

Erisa akatazama kiganja chake kana kwamba si chake. "Wakati gani?"

"Kabla yako."

"Na uliacha?"

"Niliacha."

"Basi mafi mushkila, hakuna shida!" Akajaribu kucheka. Masikini, alikuwa anajitahidi kuufunga mlango ambao upepo ulishaufungua. "Iliisha. Mtu anaanguka, anaamka. Mimi pia nilikunywanga, zamani, na vijana."

Hapo angeweza kunyamaza. Alikuwa amepewa msamaha wa bure, angeupokea na kwenda Masaka nao. Lakini vile vidonge bado vilikuwa kwenye mkono anaoupenda.

"Haijaisha," Quinter akasema. "Hata saa hii nazitaka."

"Saa hii?"

"Saa hii. Nakuangalia usoni na naona mkono wako tu."

Erisa akakaa kwenye kiti cha plastiki, taratibu. Nje, Akuol, jirani yake muuza chai, alikuwa akipasua kuni kwa ajili ya jiko lake. Quinter alihisi kwamba kama hatasema yote sasa, hatasema kamwe.

"Unaniulizanga kwa nini sipigi simu nyumbani. Mama alipokufa nilienda nyumbani Ugenya nikiwa nimemeza. Nilimeza nyingi, aki, nisisikie uchungu. Waliniita niongee mbele ya kaburi. Mimi ndio kifungua mimba. Nikasimama, nikaangalia sanduku, nikacheka. Si kidogo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nilijua nacheka, na singeweza kuacha. Watoto wakaanza kulia. Kaka yangu Barnabas alinishika mkono akanitoa, akaniambia nisirudi pale tena. Sijarudi."

Alisubiri amtazame. Erisa alikuwa anatazama sakafu.

"Namutebi anajua?"

"Hapana."

"Virginia?"

"Yeye ndiye alinisaidia."

"Padri?"

"Anajua."

"Na yule wa duka ya dawa anajua." Akainua macho, na yalikuwa yamelowa. "Mimi ndiyo mtu ya mwisho. Mimi, mwenye anapeleka wewe kwa mama yake. Mimi nanunua hiyo sumu na mkono yangu, nafurahi kama mjinga, na dunia yote inacheka."

"Niliogopa, Erisa."

"Uliogopa mimi? Mimi nilikufanya nini?"

Hakuwahi kumfanya lolote ila wema. Erisa akasimama, akavitupa vile viwili mezani kwa ghadhabu, akachukua funguo za pikipiki.

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

Pikipiki ikanguruma, ikashika njia ya Jebel, ikapotea. Quinter akabaki na begi lililojaa nusu, na machungwa kwenye sahani, na bahasha ya kaki.

Ndipo alipotambua kwamba Erisa ameviacha.

Chumba kikawa kidogo ghafla. Sauti ile aliyoifahamu haikuchelewa kufika, wala haikuwa ya shetani mwenye pembe. Ilikuwa ya upole, ya mtu anayekujali. Mgongo unakuuma kweli, Quinter. Ameenda, atamwambia Namutebi, mambo yameshaharibika. Kimoja tu, ulale. Na aliyekuletea si muuzaji, ni mwanaume anayekupenda.

Avitupe chooni? Alicheka kwa uchungu. Wakati wa Thongpiny aliwahi kutoka na bahasha kama hii kwenda kuitupa chooni, kwa kiapo na machozi, akafika chooni na bahasha tupu. Aliujua mkono wake. Ukivigusa, basi.

Hakuvigusa. Alitembea ubavu kwa ubavu na ukuta, meza akiwa ameipa mgongo, akalichukua kufuli lililoning'inia mlangoni, akatoka, akafunga. Akaenda moja kwa moja kwa Akuol, aliyekuwa akipuliza makaa chini ya birika.

"Akuol, nishikie huu ufunguo. Nikikuomba, usinipe."

Akuol akamtazama juu mpaka chini. Alikuwa mama mrefu, mweusi tii, asiyeshtuka upesi. "Malu, kwa nini? Nyumba yako, unafunga, unakaa nje? Ita majnun, una wazimu?"

"Hata nikilia usinipe. Hata nikidanganya."

Akuol akautia ufunguo kifuani mwake. "Khalas, basi. Kaa. Kunywa chai."

Akakaa kwenye kigoda, glasi ya chai mikononi, na hapo ndipo simu ilipoanza kulia ndani ya nyumba. Alikuwa ameisahau kitandani. Ililia mpaka ikakatika, ikaanza tena. Ni Erisa, nani mwingine? Labda anasema amemsamehe. Labda anasema kwaheri. Labda ameanguka na pikipiki.

"Akuol, nipe ufunguo. Ni simu tu."

"La."

"Ni Erisa huyo! Nachukua simu natoka. Dakika moja."

"Ulisema hata ukidanganya."

"Sidanganyi! Mungu wangu, Akuol, ingia basi wewe uniletee!"

Akuol akaanza kuinuka, na Quinter naye akawa ameshainuka, ameshamtangulia mlangoni, mkono tayari kwenye kufuli. Akuol akasimama, akautazama ule mkono, akarudi kuketi. Na lililomganda Quinter moyoni ni kwamba mama wa watu hakukosea. Yeye mwenyewe hakujua angeingia kwa ajili ya nini, simu au bahasha. Akarudi kwenye kigoda. Simu ikalia mara ya mwisho, ikanyamaza. Alijikumbatia, akayumba mbele na nyuma, na kila pikipiki iliyopita njiani ilimkata maini.

Jua lilikuwa limeshaelekea nyuma ya mlima wa Jebel Kujur iliporudi ile pikipiki aliyoijua kwa mngurumo wake. Erisa hakuwa peke yake. Nyuma yake, amekaa upande na gauni lake la kanisani la gomesi limekunjwa magotini, alikuwa Namutebi.

Hivyo amemwambia. Hivyo imekwisha.

Erisa aliruka hata kabla pikipiki haijatulia, akaukimbilia mlango, akaona kufuli, akageuka kama mwendawazimu. Alipomwona kwenye kigoda akasimama.

"Mbona hushiki simu?" Ni Namutebi aliyeuliza. "Huyu mtoto alikuja kwa duka yangu analia. Anasema aliacha dawa kwako na wewe hushiki simu. Anaogopa kuingia peke yake, eti atapata maiti."

"Simu iko ndani."

"Na wewe mbona iko nje?"

"Nimejifungia nje." Quinter alisikia aibu ikimchoma masikio. "Vidonge viko mezani. Ningebaki navyo ningevimeza."

"Banange," Erisa akanong'ona.

Namutebi akamnyooshea Akuol mkono. Akuol hakuutoa ufunguo; alimtazama Quinter kwanza.

"Mpe yeye," Quinter akasema. "Mimi hapana."

Namutebi akafungua, akaingia. Akatoka na ile bahasha, akaenda nayo chooni huku gomesi likipepea, akarudi, akanawa mikono kwa maji ya Akuol bila haraka. Kisha akasimama mbele ya Quinter.

"Erisa, wewe ulitoa ngapi kwa karatasi?"

"Mbili."

"Kwa meza mimi nimeona moja."

Akuol aliacha kukoroga chai. Quinter alimtazama Erisa na kuona kile alichokiogopa maisha yake yote mapya: mtu akiupima uso wake, mboni zake, mikono yake. Aliwahi kuapa uongo mara nyingi mno. Neno lake lilikuwa na thamani gani hapa?

"Imeanguka chini," Erisa akasema. "Mimi nilitupa na hasira."

"Uliona inaanguka?"

"Hapana."

"Basi unajua aje?"

"Quinter hakumeza."

"Yeye amekuambia hivyo? Mimi sijasikia akisema."

Wote wakamgeukia.

"Sijameza," akasema. Lilikuwa neno dogo, halikuwa na shahidi, na hakuwa na lingine la kuongeza.

"Haya," Erisa akamwambia dada yake. "Amesema."

"Hutaki kwenda kutafuta?"

"Sitaki."

Namutebi alimtazama mdogo wake muda mrefu, kisha akamtazama Quinter muda mrefu zaidi. Alipozungumza, ule ukali wa dukani haukuwapo.

"Mimi nilikuwa na bwana kule Masaka. Watu wanafikiri nilimwacha. Sikumwacha, alikufa, waragi ilimmaliza. Nilimwaga pombe yake, nilificha, nilimfungia ndani na kufuli kama hii. Kila siku mimi ndiyo nafunga. Miaka yote ile hakuna hata siku moja yeye mwenyewe alifunga mlango, akaacha chupa ndani, akakaa nje." Akapitisha mkono usoni kwa nguvu, kama anayefuta vumbi. "Sijasema ninakupenda. Mimi bado naogopa wewe sana. Lakini leo unalala kwangu. Asubuhi tunakuja kufagia hii nyumba, mpaka chini ya kitanda. Ile basi ya kesho iende. Zingine ziko. Mama mimi nitampigia."

"Asante, dada," Quinter akasema, na akashangaa jinsi neno lile la mwisho lilivyotoka lenyewe.

Namutebi akaingia ndani kuchukua begi na simu. Erisa alishapanda pikipiki, akaiwasha, akamngoja Quinter aje. Alikuwa hajamgusa bado. Quinter akasogea, akashika kiti cha nyuma, lakini hakupanda.

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo," Erisa akasema. "Na naogopa. Vyote viwili." Akanyamaza kidogo, akiutazama usukani. "Siku ingine ikikuja, hiyo hamu, utaambia nani?"

"Wewe."

"Kwanza?"

"Kwanza. Kabla ya Virginia, kabla ya padri."

Erisa akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri macho yao yakakutana bila yeyote kuyakimbiza. Yalikuwa mekundu, yamechoka, na yaliogopa jibu la swali alilokuwa anakwenda kuuliza. Aliuliza hivyo hivyo.

"Na saa hii? Bado unataka?"

Ingekuwa rahisi sana kusema hapana. Vidonge vilikuwa chooni, dada mtu amelegea, mwanaume amerudi. Quinter akameza mate.

"Bado," akasema.

Erisa akazima pikipiki. Akashuka, akaenda kukaa chini kwenye vumbi karibu na jiko la Akuol, na shati lake jeupe na kila kitu, akagonga ardhi pembeni yake kwa kiganja.

"Njoo basi," akasema. "Tukae kwanza mpaka ipite."